Kamina: treni ilitangulia, shule ikafuata

Kamina, nchini Kongo, ilizaliwa na reli. Mwaka 1928 kampuni ya reli ya BCK ilikamilisha njia ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, na shaba ya Katanga ikapata pa kutokea bila kukanyaga koloni lisilo la Ubelgiji. Mwaka 1956 tawi la Kabalo likaungwa, Kamina ikawa njiapanda. Mji wa namna hiyo unataka watu wa aina mbili: wa kufungua injini na wa kuandika daftari la mizigo.

Nani awafundishe? Kwa miaka mingi, wamisionari. Wafransisko walikuwa na himaya yao hapa. Huko Mwanza, kwenye nchi hiyohiyo ya Waluba, Wapentekoste wa William Burton walikuwapo tangu 1915. Serikali ya Ubelgiji ilitoa ruzuku na kuangalia. Mtoto alijifunza katekisimu, hesabu na useremala. Sekondari kamili ilikuwa kwa wachache mno, wengi wao wakielekezwa upadre.

Mwaka 1954 waziri mpya wa makoloni, Auguste Buisseret, mliberali, aliamua serikali ifungue shule zake kwa watoto Weusi, zisizo chini ya kanisa. Maaskofu walikasirika. Ugomvi huohuo ulikuwa ukitikisa Ubelgiji kwenyewe, ukatulizwa kwa mkataba wa 1958. Wazazi Wakongo wengi hawakujali sana nani ameshinda. Walichotaka ni Kifaransa, na cheti kile anachopewa mtoto wa Mbelgiji. Walikuwa na haki. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakutimia 30.

Hapo ndipo ilipoota dharau ya kazi za mikono, ambayo hadi leo watu husema ni tabia ya Waafrika. Hapana. Karani alipewa meza na heshima, fundi akapewa mafuta na makelele. Mzazi wa mji wa reli aliona kwa macho yake nani anarudi nyumbani na shati jeupe, akachagua. Ungekuwa wewe?

Serikali huru ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa mtihani mmoja. Mtihani wa Serikali ulianza mwaka wa masomo 1966-67, na hadi leo anayesoma Latini na falsafa, anayesoma fizikia, anayesoma biashara, umeme, makanika au ushonaji wote hukutana nao mwisho wa miaka sita ya sekondari. Anayefaulu hupata diploma, na huitwa D6. Mwishoni mwa 1974 Rais Mobutu alitwaa shule zote za makanisa, na Februari 1977, mambo yakiwa yameharibika, akazirudisha kwa mkataba. Serikali ilibaki kulipa na kukagua.

Kulipa ndiko kulikoshindikana. Tangu miaka ya 1990 wazazi wanachangia mishahara ya walimu, na elimu ya bure iliyotangazwa mwaka 2019 iliishia shule ya msingi. Hapo mchepuo wa ufundi ndio unaoumia zaidi. Latini inataka ubao na chaki. Makanika inataka mashine ya kukerezea chuma, na chuma chenyewe, na umeme wa kuiwasha. Pasipo vitu hivyo, kijana anachora gia daftarini kwa rula na penseli, anaijua kila sehemu kwa jina la Kifaransa, na hajawahi kuishika.

Matokeo ya mtihani huo siku hizi huja kwa simu. Simu ikilia na jibu likiwa zuri, ndugu wanakimbilia poda. Wanammwagia aliyefaulu kichwani, mabegani, juu ya shati jeupe na suruali ya buluu. Barabarani wanapita wakiimba, nyuso zote nyeupe, na ukisimama pembeni huwezi kumtenga wa Latini na wa makanika.