Mtaalamu wa Kisomo

Wengi wakisikia neno "kisomo" hukumbuka madarasa ya watu wazima. Nchini Tanzania neno hili lilishika mizizi katika kampeni za kufuta ujinga, ukiwemo mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa ulioanza kando ya Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, kwa mwalimu aliyesomea shahada ya uzamili ili awasaidie watoto waliokwama kusoma, napendekeza "mtaalamu wa kisomo". "Mtaalamu wa usomaji" huacha nje uandishi, na huacha nje pia utambuzi wa sauti, yaani uwezo wa kusikia silabi na sauti ndani ya neno kabla ya kuziona kwenye karatasi.

Nchini Marekani, kwa kawaida mtu huyu hufundisha kwanza, kisha hurudi chuoni. Hujifunza upimaji na namna ya kumwongoza mwalimu mwenzake, na hufanya mazoezi na watoto chini ya msimamizi.

Huku Rusizi, nchini Rwanda, upimaji huo ndio kiini. Mtoto wa mji wa Kamembe huongea Kinyarwanda nyumbani na husikia Kiswahili sokoni na kwa wageni kutoka Bukavu, Kongo. Kisha, kwa uamuzi wa serikali wa mwishoni mwa 2019, hufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kinyarwanda kina irabu tano kama Kiswahili, na ugumu wake mkubwa kwa msomaji mchanga ni "ibihekane", konsonanti zinazoandamana kama "mbw" katika "imbwa". Aliyeiweza "imbwa" hatahangaika na "mbwa" wetu. Lakini herufi "a" ya Kiingereza hubeba sauti kadhaa, na hapo silabi alizozizoea hazimsaidii.

Basi mtoto akinyamaza mbele ya kitabu cha Kiingereza, mtaalamu humpa kwanza matini ya Kinyarwanda. Akiisoma na kuieleza, kusoma anajua. Kilichopungua ni Kiingereza. Akishindwa huko pia, ndipo huchunguzwa macho, masikio, utambuzi wa sauti, na uwezekano wa disleksia. Kumwita yule aliyeisoma matini ya Kinyarwanda mzito wa akili ni kumdhulumu, na dhuluma hiyo hutokea pale kipimo kinapokuwa cha lugha moja tu.

Kwa hiyo, shahada ya uzamili itakayowafaa walimu wa Rusizi haina budi kufundisha fonolojia ya Kinyarwanda kwa kina, na kuwazoeza kupima kwa lugha mbili.