Tisa Bila: Ubishi Wetu wa Kombe la Dunia la 1974

Mhariri ameniomba nichangie makala ya historia katika toleo hili la kukutana kwetu. Najua wenzangu wataandika habari za walimu, za bwalo na za shamba la shule. Mimi nimechagua jambo moja lililotugawa bwenini kuliko uchaguzi wa viranja: mechi tatu za Zaire katika Kombe la Dunia lililochezwa Ujerumani Magharibi mwaka 1974. Ubishi ule haujafa. Kila tunapokutana wapo wanaouanza upya mahali pale pale tulipouachia. Basi si vibaya tukaweka kwenye maandishi yale ambayo sasa yanajulikana, ili anayetaka kubisha abishe akiwa na hoja mkononi.

Kwanza tukumbuke Zaire walikuwa nani. Hawakuwa timu ya kuokoteza. Englebert ya Lubumbashi ilikuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na tena 1968, na Vita Club ya Kinshasa ikalitwaa kombe hilo mwaka 1973. Machi 1974, mjini Cairo, timu ya taifa ilichukua Kombe la Mataifa ya Afrika. Fainali dhidi ya jirani zetu Zambia ilikwisha kwa sare ya mabao 2-2, ikarudiwa, na Zaire wakashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na hadi leo hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika fainali moja za Afrika. Msomaji alishike jina hilo, maana tutalirudia.

Safari ya kwenda Ujerumani nayo ilianza na lawama za refa. Desemba 1973 Zaire waliifunga Morocco 3-0 mjini Kinshasa. Morocco wakalalamika kwamba mwamuzi hakutenda haki, wakakataa kucheza mechi ya marudiano, na ushindi wakapewa Zaire. Hivyo timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia ilifika huku wengine wakisema imebebwa. Sisi hatukusema hivyo. Kwetu Zaire walikuwa ndugu, na wale wenzetu waliotoka Kigoma walitamba kana kwamba ni kijiji chao kinachokwenda Ujerumani.

Tarehe 14 Juni, mjini Dortmund, Scotland walishinda 2-0. Hapo hapakuwa na ubishi mkubwa. Zaire walicheza vizuri, wakapiga pasi, wakashambulia. Ikaonekana kwamba wakizoea hali ya hewa watamsumbua mtu. Siku nne baadaye, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia waliwafunga 9-0.

Kwetu bara wakati ule televisheni haikuwapo. Tulitegemea redio ya bwenini na magazeti yaliyotufikia yamechelewa. Habari ilipotangazwa asubuhi, mmoja wetu alidai mtangazaji amekosea kusoma. Ilipothibitika, bweni liligawanyika makundi matatu. La kwanza lilisema refa ndiye aliyewaua. La pili lilisema kocha ameuza mechi. La tatu lilisema Zaire hawajui mpira, wakubali yaishe, kwani asiyekubali kushindwa si mshindani. Nitayapitia makundi hayo moja moja.

Tuanze na la refa. Mwamuzi alikuwa Omar Delgado wa Colombia. Zaire walipofungwa bao la nne, wachezaji wao walimzunguka wakidai kwamba mfungaji alikuwa ameotea. Katika vurugu ile mtu mmoja alimpiga refa teke kwa nyuma. Refa akageuka, akatoa kadi nyekundu, akampa Ndaye Mulamba. Aliyepiga teke hakuwa Mulamba. Alikuwa beki Mwepu Ilunga. Mulamba alikuwa mshambuliaji mwenye jezi namba 13, Mwepu alivaa namba 2. Mulamba alijitetea na kulia, lakini aliyetoka ni yeye, na aliyekosa akabaki uwanjani. Kadi zilikuwa bado jambo geni. Zilianza kutumika katika Kombe la Dunia mwaka 1970, na nyekundu ya kwanza kabisa ilitolewa siku nne tu kabla ya mechi hii, kwa Carlos Caszely wa Chile. Hapakuwa na namna ya kurudi nyuma kutazama kilichotokea. Mulamba hakucheza na Brazil.

Kwa hiyo kundi la kwanza lilikuwa na haki kusema refa alikosea, tena alikosea vibaya. Lakini tuhesabu. Kadi ilitolewa baada ya bao la nne, na mechi haikuwa imefika nusu saa. Refa alimdhulumu Mulamba, wala hakuna wa kulikana hilo. Hayo manne ya kwanza, hata hivyo, hayawezi kuwekwa shingoni mwake.

Kundi la pili lilimwona mchawi katika kocha. Blagoje Vidinić alikuwa Myugoslavia, na mechi ilikuwa dhidi ya Yugoslavia. Mabao yalipofika matatu, alimtoa golikipa Kazadi, ambaye ndiye aliyewafikisha hapo, akamwingiza Tubilandu, mtu mfupi wa kimo. Mpira wa kwanza wa maana aliokutana nao uliingia wavuni. Bwenini swali lilikuwa moja: ni kocha gani mwenye akili, tena aliyekuwa golikipa yeye mwenyewe, atafanya hivyo bila kupewa kitu? Ushahidi wa kuuza mechi haujapata kutolewa. Kilichokuja kuelezwa baadaye ni kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mkubwa wa serikali aliyefuatana na timu. Pia Vidinić ndiye aliyeifundisha Morocco katika Kombe la Dunia la 1970, na ndiye aliyewapa Zaire ubingwa wa Cairo. Mtu hahukumiwi kwa pasipoti yake.

Sasa kundi la tatu, waliosema hawajui mpira. Wachezaji wenyewe walikuja kusimulia yaliyotokea baina ya mechi ya kwanza na ya pili. Walikuwa wameahidiwa fedha. Baada ya mechi ya Scotland walitambua kwamba fedha hizo hawatazipata, na kwamba wakubwa wa msafara wamezila. Wakataka kugoma. Waliingia uwanjani kwa kubembelezwa, moyo haupo. Anayetazama tisa zile bila kujua hili ataona watu wasiojua kukaba. Anayejua ataona watu walioacha kukaba.

Kisha ikaja Brazil, tarehe 22 Juni. Mwepu alieleza miaka mingi baadaye kwamba baada ya zile tisa walinzi wa Rais Mobutu walifika hotelini, wakawafukuza waandishi wa habari, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa mabao manne na Brazil hakuna atakayerudi nyumbani. Brazil nao walihitaji mabao matatu ili wawapite Scotland, maana katika kundi lile Yugoslavia, Brazil na Scotland walilingana pointi 4 kila mmoja. Kilichoamua ni nani kamfunga Zaire mangapi: Yugoslavia 9, Brazil 3, Scotland 2. Scotland wakarudi kwao bila kufungwa hata mechi moja. Nadhani mashabiki wao nao wana ubishi wao mpaka leo.

Katika dakika za mwisho Brazil walipata faulo nje kidogo ya eneo la hatari. Refa Nicolae Rainea wa Romania akapuliza filimbi. Kabla Mbrazil hajaugusa mpira, Mwepu alichomoka ukutani na kuupiga mbali. Akapewa kadi ya njano. Dunia ilicheka, na picha ile imeonyeshwa mara nyingi sana na maneno yale yale: Mwafrika hajui sheria. Sasa tuulize. Beki aliyecheza mechi za kufuzu, akacheza fainali za Afrika, hajui mpira wa faulo unapigwa na nani? Mwepu mwenyewe alisema alijua fika. Alisema alikuwa akipinga kuchezeshwa bure huku wakubwa wakineemeka, na kwamba hakujali kama angetolewa. Na mtu aliyeambiwa kwamba bao la nne litamnyima nyumba yake ana kila sababu ya kuupeleka mpira mbali. Mechi ilikwisha 3-0.

Tena tusisahau kwamba kufungwa tisa si ugonjwa wa Afrika. Korea Kusini walifungwa 9-0 na Hungary mwaka 1954, na mwaka 2002 wakafika nusu fainali.

Mwepu alifariki mwaka 2015 na Mulamba mwaka 2019. Katika kumbukumbu za Kombe la Dunia kadi ile nyekundu bado imeandikwa jina la Mulamba. Tangu mwaka 2018 Kombe la Dunia lina waamuzi wa video, na moja ya mambo wanayoruhusiwa kuyachunguza ni hili hasa: refa kumwadhibu mchezaji asiyehusika. Leo kosa la Delgado lingesahihishwa kwa dakika moja au mbili. Lakini hakuna video ya kusahihisha mshahara ulioliwa wala tishio lililotolewa hotelini. Hayo yanasahihishwa na wanaokumbuka na kusimulia sawasawa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tutakapokaa pamoja mwaka huu na mmoja wetu akaanza tena habari ya tisa bila, naomba ubishi uendelee. Ila tutenganishe mambo matatu ambayo bwenini tuliyachanganya: kosa la refa, uchezaji wa timu, na yaliyowapata wachezaji nje ya uwanja. Na mwenye gazeti la Juni 1974 alilolihifadhi alilete, tulisome pamoja.