Kipusa: Pembe ya Bara na Kikombe cha China

Sisi tufundishao Kiswahili huko Jinja na Mbale twajua kwamba neno "kipusa" likiandikwa ubaoni darasa hucheka. Vijana wamelizoea kwa maana ya msichana mzuri. Maana ya pili, ambayo kamusi zetu hazikuiacha, ni pembe ya kifaru, na hiyo ndiyo itakayotufikisha China.

Biashara ya pembe hizo ni ya kale mno. Kitabu cha Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, chaitaja pembe ya kifaru miongoni mwa bidhaa zilizotoka Rhapta, bandari ya pwani yetu. Nyingine zilifika China, na mafundi wa enzi za Ming (1368–1644) na Qing (1644–1912) wakazichonga vikombe. Pembe iligeuzwa juu chini: upande mpana uliokaa puani mwa mnyama ukawa mdomo wa kikombe. Watu waliamini kwamba kinywaji chenye sumu kikitiwa humo sumu hujidhihirisha. Hiyo ilikuwa imani tu, kwani pembe ya kifaru ni kitu cha jinsi moja na ukucha.

Maumbo na nakshi mara nyingi yalikuwa yale yale ya vyombo vya jedi, jiwe ambalo Wachina walilithamini kuliko dhahabu. Jedi haikatwi kwa kisu. Husagwa polepole kwa maji na mchanga mgumu. Pembe ni laini zaidi, hivyo fundi aliweza kuichimba ndani kabisa.

Nakshi hizo hazikuwa pambo tupu. Popo, ambaye kwetu hana sifa njema, kwao ni baraka, kwa sababu jina lake, "fu", lasikika sawa na neno la baraka. Popo watano ni baraka tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema, na kifo cha amani. Mwalimu wa ushairi atatambua mara moja kwamba hii ni jinasi, ila imechongwa badala ya kutungwa! Yungiyungi huota topeni likatoka safi, basi likawa alama ya usafi wa moyo. Tunda la fyulisi ni maisha marefu, na msunobari, usiopoteza majani wakati wa baridi, ni uzee wenye nguvu. Aliyempa mkubwa wake kikombe cha namna hiyo alikuwa amekwisha kumwombea dua bila kufungua kinywa.

Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilipanda kutoka pwani hadi Mumias, na kutoka huko ikapita chini ya Mlima Elgon kuelekea Karamoja. Walichotafuta hasa ni pembe za ndovu, lakini kipusa nacho kilikuwa bidhaa, na Unguja ilikipeleka India na China. Mbale ilipoanza kukua mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara hao walikuwamo, na lugha yao pia. Wenzetu wasemao kwamba Kiswahili ni mgeni asiye na habari yoyote katika nchi hii ya mashariki ya Uganda, na waieleze njia hiyo.

Hatusemi haya kwa kujivuna, maana gharama yake ilikuwa kubwa. Vita na ujangili vilimaliza vifaru wa porini wa Uganda, wa mwisho akionekana mwaka 1983. China ilipiga marufuku biashara ya pembe hizo mwaka 1993, miaka kumi baadaye. Mwaka 2005 vifaru weupe wanne waliletwa kutoka Kenya hadi hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, wakaanza kuzaa mwaka 2009. Vikombe vyenyewe vimehifadhiwa mbali. Mkusanyo mmoja mkubwa uko Dublin, katika nyumba ya Chester Beatty, na popo wao na mafyulisi yao wangali wazima.