Mtu baki katika mkataba wa babaye

Kiswahili kina neno ambalo wafasiri wetu wa sheria hulipita bila kuligeukia: mtu baki. Ni yule asiye ndugu wala jamaa, asiye na la kudai kwako. Badala yake vitabu hutupa "mtu wa tatu", nao makanga wa matatu husema "thadipati" na mambo yakaishia hapo. Mimi naona "mtu wa tatu" ni hesabu tu. Haisemi lile lililobishaniwa mahakamani kwa zaidi ya miaka 300: watu wawili wakiahidiana jambo kwa faida yangu, je, mimi ni jamaa wa ahadi ile au ni mtu baki?

Ubishi huu ulianzia Uingereza, ilikotoka sheria yetu ya mikataba. Katika kesi ya Dutton dhidi ya Poole, miaka ya 1670, baba mmoja alitaka kukata miti ya shamba lake ili apate fedha za kuwagawia watoto. Mwanawe wa kiume, mrithi wa shamba, akamsihi asiikate. Yeye mwenyewe angemlipa dadake pauni 1,000. Baba akaiacha miti, kisha akafa. Kaka mtu akakataa katakata kulipa. Dada na mumewe waliposhtaki, walishinda. Hoja ilikuwa damu: ahadi aliyopewa baba ilimfikia binti, kwa kuwa binti si baki.

Sasa ruka hadi 1861, kesi ya Tweddle dhidi ya Atkinson. Wazee wawili, John Tweddle na William Guy, walikuwa wameozana watoto. Wakaandikiana kwamba kila mmoja atampa bwana harusi fedha: Guy pauni 200, Tweddle pauni 100. Wakaongeza hata kifungu kwamba kijana huyo, William Tweddle, ana uwezo kamili wa kwenda mahakamani kudai. Guy akafariki bila kulipa. Kijana akamshtaki msimamizi wa mali ya marehemu, akarudishwa mikono mitupu. Undugu, walisema majaji, haukutosha tena. Ahadi ya kisheria ni nipe nikupe, na kijana hakuwa ametoa chochote. Hebu fikiria: mwana wa kuzaa anageuka mtu baki katika mkataba wa babake mwenyewe, mkataba unaomtaja kwa jina!

Neno mkataba lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, na huenda ndiyo sababu wengi wetu hudhani kwamba jina likishaandikwa, mwenyewe ameingia. Si hivyo.

Waingereza hao hao walipowatungia Wahindi Sheria ya Mikataba ya 1872, waliandika jambo tofauti kidogo: kinachotolewa ili kupata ahadi kinaweza kutolewa na aliyeahidiwa "au mtu mwingine yeyote". Maneno machache tu, lakini yalikuwa na uzito. Mwaka wa 1882 huko Madras, katika kesi ya Chinnaya dhidi ya Ramayya, mama alimpa bintiye ardhi kwa sharti kwamba binti awalipe jamaa za mama posho ya kila mwaka. Binti akaahidi kwa maandishi, kisha akakaidi. Jamaa hao hawakuwa wametoa lolote, ila walishinda, kwa sababu mama alikuwa ametoa. Lakini nisiitie chumvi sheria hiyo. Mahakama za India nazo ziliendelea kushikilia kwamba asiyekuwa mshirika wa mkataba kwa kawaida hawezi kuudai. Mlango mmoja tu ndio uliofunguliwa.

Sheria hiyo ya India ndiyo iliyotumika Kenya wakati wa ukoloni. Kisha 1961 tukaiacha, tukachukua ya Kiingereza kupitia Sheria ya Mikataba, Sura ya 23. Jirani zetu wa Tanganyika nao walitunga yao mwaka huo huo, lakini wakafuata mfano wa India, na yale maneno ya "mtu mwingine yeyote" wakayabakiza. Ndiyo kusema wasemaji wa lugha moja, pande mbili za mpaka wa Namanga, hawalindwi sawa na neno la mzee.

Kwetu, Mahakama ya Rufaa iliukariri msimamo wa Kiingereza mwaka wa 1985 katika kesi ya Agricultural Finance Corporation dhidi ya Lengetia Limited: mkataba huwagusa waliofunga mkataba tu.

Huko Uingereza kwenyewe aibu ilikuwa imeanza kuwashika. Peter Beswick, mzee aliyekuwa akiuza makaa ya mawe kule Lancashire, alimwachia mpwa wake biashara mwaka wa 1962 kwa masharti: amlipe pauni 6 na shilingi 10 kila wiki maisha yake yote, na akifa, mjane apewe pauni 5 kila wiki. Mzee akafa. Mpwa akamlipa mama wa watu pauni 5 mara moja tu, basi. Mwaka wa 1967 majaji wa ngazi ya juu kabisa walimpa mjane haki, lakini kwa sababu alikuwa pia msimamizi wa mali ya mumewe. Angekuja kama mjane mtupu, asingepata kitu. Hatimaye, mwaka wa 1999, Bunge lao likapitisha sheria inayomruhusu anayekusudiwa kufaidika adai mwenyewe. William Tweddle angeshinda, akiwa amechelewa miaka 138. Sheria hiyo haikuja kwetu.

Tulicho nacho ni mianya. Sura ya 405, ya bima ya magari, humlazimu mwenye bima kumlipa aliyegongwa pindi mahakama inapompa ushindi dhidi ya mwenye gari, japo majeruhi hakuwahi kulipa hata shilingi ya bima. Makanga na "thadipati" yake hajakosea sana.

Ila nyanya akimuuzia jirani ploti kwa bei ya chini, waandikiane kwamba jirani atamlipia mjukuu karo hadi kidato cha nne, kisha nyanya afe, mjukuu akienda mahakamani kwa jina lake atakutana na Tweddle. Itabidi msimamizi wa mali ya nyanya adai kwa niaba ya marehemu. Kupata cheti cha usimamizi huchukua miezi, na karo haingoji.