Taa ya Njano kwenye Gari la Baba

Baba aliamua kuuza gari mwezi uleule ambao chuo kilinitaka nimalizie ada ya mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Hakusema kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, nami sikumuuliza. Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, la mwaka 1995, lililoingia nchini likiwa mtumba na kutupeleka shuleni, hospitalini na misibani. Mteja wa kwanza alipofika nyumbani kwetu Morogoro alilizunguka mara mbili, akaliwasha, akainama kutazama dashibodi. Taa ndogo ya njano yenye umbo la injini ilikuwa inawaka.

"Mzee, hii injini imekufa," alisema. Akapunguza milioni moja na nusu kwenye bei.

Baba alimwomba wiki moja. Jioni hiyo tulikwenda gereji ya karibu. Kijana wa pale alikuja na mashine yake ya kupimia, akapapasa chini ya usukani, akakosa mahali pa kuichomeka. "Gari la zamani sana hili," alisema. Kisha akatupa njia mbili: tununue kipima oksijeni cha mtumba kwa shilingi laki moja na themanini, kwa sababu mara nyingi ndicho kinachosumbua, au afungue dashibodi aitoe balbu ya ile taa. Njia ya pili ilikuwa shilingi elfu kumi.

Baba hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Wewe ndiye msomi. Unasemaje?"

Mimi nasoma historia. Sikujua kitu kuhusu injini. Lakini darasani tumefundishwa kwamba kabla hujamwamini shahidi au kumkataa, uliza kwanza aliitwa na nani, na aliitwa kusema nini. Usiku ule nilianza kuiuliza ile taa.

Asili yake ni Los Angeles. Mwezi Julai 1943, vita vikiendelea, mji ule uliamka umefunikwa na ukungu uliowasha macho na koo. Wapo waliodhani Wajapani wameushambulia kwa gesi. Kisha lawama zikahamia kwenye kiwanda kimoja kilichotengeneza malighafi ya mpira bandia katikati ya mji. Kiwanda kikafungwa kwa muda, lakini ukungu ukaendelea kurudi. Mshukiwa alikamatwa na uhalifu haukukoma.

Aliyepata jibu ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Caltech na ambaye hapo kabla alikuwa akichunguza harufu ya nanasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli isiyoungua vizuri na gesi za nitrojeni kutoka kwenye moshi, vikipigwa na jua, huzaa ozoni. Sehemu kubwa ya ukungu ule ilitoka kwenye magari ya wakazi wenyewe. Wataalamu waliofadhiliwa na sekta ya mafuta walimpinga. Yeye aliendelea kupima, na moja ya vipimo vyake kilikuwa rahisi ajabu: alikunja vipande vya mpira, akaviacha hewani, akahesabu vilichukua muda gani kupasuka. Ozoni hupasua mpira uliovutwa. Kadiri mpira ulivyowahi kupasuka, ndivyo hewa ilivyokuwa chafu zaidi.

Mwaka 1967 California iliunda bodi ya kusimamia hewa, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria iliyowataka watengenezaji wapunguze sumu kuu za moshi wa magari mapya kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Kufikia magari ya mwaka 1975, mengi yalifungwa chombo cha kusafisha moshi ndani ya bomba la ekzosi. Chombo hicho huharibiwa na risasi, kwa hiyo ilibidi petroli isiyo na risasi ipatikane vituoni. Aina zake zilizofuata zilitaka pia petroli na hewa vichanganyike kwa kipimo kilekile, kazi ambayo kabureta ya kawaida haiiwezi. Ndipo kikaja kipima oksijeni cha kuonja moshi na kompyuta ya kurekebisha petroli.

Sasa likazuka swali jipya. Gari linaweza kuharibika moshi wake na bado likatembea vizuri tu. Mwenye gari atajuaje? California ikaagiza kwamba kuanzia magari ya mwaka 1988 kompyuta ijikague yenyewe na kumwashia dereva taa. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani nzima ikawa na mfumo mmoja, wenye soketi ya umbo moja na kodi za aina moja. Mashine ya yule kijana wa gereji iliufuata mfumo huo. Gari la baba lilitengenezwa mwaka mmoja nyuma, kwa soko la Japani, nchi iliyokuwa na viwango vyake vikali vya moshi tangu miaka ya 1970.

Kwa hiyo taa ile haikuwekwa ili kumwambia baba kwamba injini imekufa. Iliwekwa kwa ajili ya mapafu ya watu wa mji wa mbali. Ilivuka bahari pamoja na gari, lakini sheria iliyoizaa haikuvuka nayo. Chombo cha kusafisha moshi nacho kilitangulia kufika huku kabla ya petroli yake: nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuacha petroli yenye risasi, na zikaikamilisha safari hiyo mwanzoni mwa 2006. Katika miaka yote ya kuendesha gari hili, baba hajawahi kuulizwa na mtu yeyote moshi wake ukoje. Shahidi alikuwa anazungumza kwenye mahakama isiyo na hakimu.

Asubuhi nilimweleza baba haya yote tukinywa chai. Alisikiliza, kisha akasema, "Sawa mwanangu. Lakini leo anasema nini?"

Tukaenda kwa fundi mwingine, mzee wa makamo ya baba, anayefanyia kazi chini ya mwembe. Hakuwa na mashine. Alifungua boneti, akatafuta kisanduku kidogo cha plastiki, akaunganisha matundu mawili ya ndani yake kwa kipande cha waya. Akaniambia nizungushe ufunguo bila kuwasha injini. Taa ikaanza kupepesa: mara mbili, ikatulia, mara tano. Ikarudia. Mbili, tano. Miaka yote ile tuliyoichukia, ilikuwa na maneno ya kusema.

"Ishirini na tano," fundi alisema. "Hewa nyingi, petroli kidogo."

"Basi ni kipima oksijeni," nilidakia.

Alicheka. "Dada, kipima ndicho kilichopiga kelele. Ukisikia mtoto analia, unambadilisha mtoto?"

Akanieleza. Kodi haitaji spea ya kununua. Inataja kilichoonekana. Kipima kimeonja oksijeni nyingi kwenye moshi, kompyuta ikaongeza petroli mpaka ikafika mwisho wa uwezo wake, na bado oksijeni ikazidi. Sababu inaweza kuwa pampu ya petroli iliyochoka, nozeli chafu, ekzosi iliyotoboka kabla ya kipima, kipima chenyewe, au hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye chombo cha kuipima. Anaanza na kisicho na gharama.

Aliwasha injini, akainamisha sikio. Palikuwa na mluzi mwembamba ambao sisi tulishauzoea kama sauti ya gari letu. Akabana bomba moja la mpira kwa koleo, injini haikubadilika. Akabana la pili. Mluzi ukakoma na injini ikatulia. Akalichomoa, akalikunja mbele ya macho yangu. Upande wa chini, kwenye kona, mpira ulikuwa umepasuka mipasuko midogo mingi. Joto na umri, alisema.

Nilikumbuka vile vipande vya mpira vya Haagen-Smit, lakini sikusema. Kipande kipya kiligharimu shilingi elfu tano, ufundi elfu ishirini.

Kisha alichomoa fyuzi ya kompyuta, akasubiri kidogo, akairudisha. Taa ikazimika. "Sasa msifurahi," alisema. "Nikiichomoa fyuzi, taa inazimika hata kama ugonjwa upo. Wengi huuza gari siku hiyohiyo. Nyie tembeeni nalo siku tatu. Isiporudi, mmepona."

Tulitembea nalo siku nne, mjini na barabara kuu, mpaka Mikese na kurudi. Kila nilipotazama dashibodi nilitazama ada yangu. Taa haikurudi.

Mteja aliporudi aliona dashibodi safi, akatabasamu kama mtu aliyeshapata jibu. "Mmeitoa balbu?"

Baba alizungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ikawaka, kama inavyopaswa, ikiwa hai. Akawasha, ikazimika. Kisha akamsimulia yote: mbili na tano, mluzi, bomba, siku nne. Akaingia ndani, akatoka na lile bomba la zamani kwenye mfuko, akamkabidhi pamoja na namba ya fundi.

Mteja alilikunja, akaitazama ile mipasuko kwa muda mrefu. Alipunguza laki mbili tu, kwa sababu ya matairi, na kuhusu matairi alikuwa na haki.