Mpito Laini Hauiokoi Saa Iliyokufa

Wahandisi wa saketi za dijitali hudai mara kwa mara kwamba swichi laini, ile inayohamisha mapigo ya saa kutoka chanzo cha nje kwenda cha ndani bila kukata pigo, ndiyo kinga ya kifaa pale chanzo cha nje kinapokufa. Makala haya yanalipinga dai hilo.

Kuhusu tatizo lenyewe hakuna ubishi. Maltipleksa ya kawaida ikibadilishwa wakati saa moja iko juu na nyingine iko chini, huweza kutoka kipande cha pigo cha nanosekunde chache. Baadhi ya flipu-flopu hukipokea, nyingine hukikosa, na hali ya mashine nzima huvurugika. Dawa iliyozoeleka, ambayo mhandisi Rafey Mahmud aliieleza mwaka 2003, ni kuipa kila saa flipu-flopu ya ruhusa inayobadilika kwenye ukingo wa kushuka wa saa hiyohiyo, upande mmoja usifunguke kabla mwingine haujafungwa.

Tatizo limejificha humohumo. Ruhusa ya saa ya zamani hufungwa na saa ya zamani. Kristali ikipasuka au lehemu yake ikiachia, ukingo wa kushuka hauji tena, ruhusa inabaki wazi, na saa ya ndani, nzima kabisa, inasubiri bila mwisho. Mkimbiaji aliyezirai hakabidhi kijiti. Kinachookoa kifaa ni kigunduzi kinachoendeshwa na saa ya ndani, chenye uwezo wa kuifuta ruhusa hiyo papo hapo.

Yupo atakayesema kwamba kufuta kwa nguvu kunarudisha vipande vya mapigo. Kwa saa iliyokufa kweli, hapana: ikiwa imekwama chini, hakuna kinachobadilika, ikiwa imekwama juu, tokeo hushuka mara moja na kumaliza pigo refu. Hatari iko kwa saa inayosuasua, ambayo kigunduzi chenye pupa huizika ingali hai.

Hata kigunduzi kikiwa sahihi, kazi haijaisha. Chukua kidhibiti kidogo cha STM32F103 kinachotumia kristali ya nje na PLL, yaani kizidishi cha masafa, kufikia megahezi 72. Kristali ikifa, mfumo wake wa ulinzi huzima PLL, huhamia saa ya ndani ya megahezi 8, na kuamsha NMI, katizo lisiloweza kuzuiwa. Mpito ni safi. Lakini kigawanyo cha saa cha UART, bandari ya mawasiliano, hakijaguswa, kwa hiyo mawasiliano ya biti 115,200 kwa sekunde huanguka hadi 12,800, mara tisa pungufu. Kichakataji kinaendelea kutekeleza amri, ila upande wa pili wa waya unasoma takataka. USB nayo haifai tena, maana kasi yake kamili hudai usahihi wa asilimia 0.25, na saa ya ndani hurekebishwa kiwandani kwa usahihi wa takriban asilimia 1 tu.

Mahali pa kurekebisha hayo ni kwenye programu inayojibu NMI; mbunifu anayeiacha tupu amenunua swichi laini bure.