Mezotinti, au Mkwanguo

Mwaka 1642 Ludwig von Siegen alichapa picha ya Amalie Elisabeth, mjane aliyeitawala Hesse-Kassel kwa niaba ya mwanawe wakati Ujerumani ikiungua katika Vita vya Miaka Thelathini. Ndiyo picha ya kwanza inayojulikana ya mezotinti, njia ya kuchapa picha kwa bamba la shaba.

Neno lenyewe ni la Kiitaliano, na maana yake ni rangi nusu. Tukilitafsiri hivyo tutampoteza msomaji, kwani picha hizi kwa kawaida huchapwa kwa wino mweusi tu. Waholanzi waliiita sanaa nyeusi. Kwetu jina hilo lingenuka uchawi.

Tutazame kazi ya mkono. Katika nakshi ya mistari, fundi huchimba vijifereji kwenye bamba la shaba nyekundu, na kivuli cha shavu hupatikana kwa mistari iliyosongamana. Mezotinti huanzia upande wa pili. Bamba zima huparuzwa kwa chombo chenye meno hadi likwaruze kama msasa. Likipakwa wino hapo na kuchapwa, hutoa giza tupu. Kisha fundi hukwangua, kama mtu akwanguavyo ukoko chunguni. Alipokwangua kidogo wino hupungua kidogo. Alipolainisha kabisa huwa peupe. Mwanga hutolewa gizani, taratibu, bila mstari hata mmoja. Ndiyo maana njia hii iliwafaa sana mabibi wa kikabaila wa enzi ya Baroko: mahameli yao, hariri yao, bega lililo wazi. John Smith wa London aliwachapa wengi hivyo, akifuata michoro ya rangi ya Godfrey Kneller.

Wajerumani walilielewa jambo hili, wakasema Schabkunst, sanaa ya kukwangua. Nami napendekeza mkwanguo, wingi mikwanguo. Kweli, von Siegen mwenyewe alianza na bamba laini, akaongeza vitone kwa kigurudumu chenye meno pale alipotaka kivuli. Kukwangua kulitawala baadaye. Lakini istilahi huifuata kazi ilivyokomaa, na mafundi wa karne mbili zilizofuata walikuwa wakwanguaji hasa.

Ninyi mnaotunga kamusi za sanaa, andikeni mkwanguo kwanza, kisha mezotinti kando yake. Wanafunzi wetu wasome jina ambalo tayari linawaonyesha fundi akiwa kazini.